Mikono Mfukoni

Multan, Juni, saa nne usiku. Umeme umekatika
mara ya tatu tangu magharibi.
Mama amejifanya afisa wa viza:
amekaa nyuma ya cherehani kama nyuma ya kioo,
miwani kwenye ncha ya pua, mshumaa kando ya bobini,
na ananiita, "Wewe, namba arobaini na moja,"
kwa sauti ya mtu aliyekataa watu tangu asubuhi.

"Unakwenda kufanya nini huko?"
Kutazama.
"Miaka mitano ya chuo, mmoja wa mazoezi,
halafu unalipa nauli ukatazame?"
Hilo halimo kwenye orodha, Mama.
"Hata mimi simo kwenye orodha. Jibu."

Basi naeleza tena:
wiki nne, wodi ya moyo, Cleveland,
barua ya Profesa Lindqvist hii hapa, ina muhuri.
Sitagusa mgonjwa. Sitaandika dawa. Sitalipwa hata senti.
Nitasimama hatua mbili nyuma ya wanaotibu,
mikono mfukoni.

Anaitazama mikono yangu.

Juzi, zamu ya usiku, mikono hii
ilimpokea mtoto aliyetanguliza makalio
kwa mwanga wa simu ya muuguzi Tasleem,
akalia kabla jenereta haijawaka.
Ilishona paja la dereva wa trekta
mishono ishirini na miwili,
ganzi ikatuishia kwenye wa kumi na nane
naye akaniomba radhi kwa kupiga kelele.
Sasa naufundisha ulimi kuikana.
Sitagusa. Sitagusa. Natazama tu.

"Nani anagharamia?"
Baba, kwa akiba yake ya reli.
"Na hizi laki nane zilizoingia benki kwa siku moja?"
Nanyamaza.
Mjomba Ghazanfar alizileta ili karatasi ishibe,
wiki sita tu, kisha azichukue.
Mama anajua. Siku ile yeye ndiye aliyempikia.
"Ukisita hapo umekwisha, mwanangu."
Zirudi kesho, nasema. Afadhali karatasi yenye njaa
kuliko ulimi uliokwama.
Anachukua chaki ya kitambaa
anapiga mstari juu ya meza, mmoja, mweupe.
Sijui kama ni alama ya kupata au ya kukosa.

"Nini kitakachokurudisha?"
Hapa wenzangu wamenifunda: taja kazi,
taja hati ya nyumba, mchumba kama unaye.
Daktari Sehrish alijibu haraka mno, kama sala ya mtoto;
dakika mbili, pasipoti ikarudi chini ya kioo,
faili lake la kilo moja halikufunguliwa.
"Usijibu kama kasuku," anasema Mama,
"wala usijibu kama mwizi anayehesabu milango."

Umeme unarudi kwa kishindo.
Feni inazitawanya karatasi: cheti cha kuzaliwa
chini ya kitanda, barua ya hospitali kwenye bakuli la dengu.
Tunapiga magoti wote wawili kuzikusanya,
vichwa vinagongana, tunacheka,
na yeye, miwani mkononi, bila ya uafisa:
"Utarudi?"

Wiki nne, Mama.
"Sikuuliza wiki ngapi."

Nafuta dengu kwenye barua kwa ukingo wa shali.
Wino umevuja kidogo kwenye jina langu,
Rubab bado linasomeka.

Hasubiri. Ananipa sindano nitunge uzi,
macho yake yamechoka, na ile koti ya Alhamisi
ina mfuko mmoja tu.
Anashona wa pili hadi saa sita.
Natia mkono kuupima: unazama mpaka kifundoni.
Lakini nikiupapasa kwa ndani naona
hakuukaza. Ameushikiza tu,
mishono mirefu, mirefu,
ile inayofumuka kwa mvuto mmoja.